KUMLETA NYUMBANI MZAZI MGONJWA ANGALI HAI
Maneno yaliyosemwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Matete



Halmashauri imetuagiza sisi wa ofisi ya Karani tuseme machache juu ya jambo ambalo katika mwaka uliokwisha limeletwa mbele yake mara nyingi kuliko jambo lingine lolote, isipokuwa matanga. Jambo lenyewe ni hili. Mzazi akishikwa na maradhi ambayo madaktari wamekwisha kusema hayaponi, naye yuko mbali na nyumbani, je, yafaa ahamishwe? Na kama yafaa, ahamishwe kwa njia gani hata matunzo yake yasikatike? Tena, sisi Chama tuna wajibu gani katika safari hiyo?

Twajua ya kuwa maneno haya si ya kupendeza. Watu wengi huona kwamba kutaja mauti ya mzazi angali anapumua ni kumwitia mauti hayo. Lakini ukimya wetu haujapata kumzuia mtu yeyote kufa. Umewazuia wengi tu wasife kwa utulivu. Kwa hiyo twawaomba mtuvumilie.

Kwanza yafaa tukumbuke vyama vya namna hii vilianzaje. Wazee wetu waliotoka huku kwenda kutafuta kazi Nairobi, Kampala na katika njia ya reli waliona watu wa kwao wakifa ugenini na kuzikwa kama watu wasio na kwao. Wakachanga senti zao ili kila mtu apate sanduku, apate nauli ya kurudi, apate na watu wa kumlilia. Kazi hiyo ilikuwa njema, na hata leo ni njema. Walakini sheria yetu ilipoandikwa kwa nia hiyo, ilisema kwamba fedha za Chama hutoka mtu akisha kufa. Juu ya mtu anayekufa, sheria haikusema neno.

Tutawapa mfano mmoja, bila kutaja jina, maana wenye msiba tunao humu. Mzee mmoja wa kwetu alikuwa akikaa kwa mwanawe huko Nairobi, akiugua saratani. Daktari alimwambia mwana kwamba dawa za kuponya zimekwisha, zimebaki dawa za kutuliza. Mzee akasema, "Nipelekeni Matete." Alisema hivyo kwa muda wa miezi mitatu. Mwana hakuwa na fedha za kukodi gari lenye nafasi ya kumlaza babake, na katika matatu mzee hakuweza kukaa kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Mwana akaja kwa Mweka Hazina wetu. Mweka Hazina akafungua kitabu cha sheria, akamwonyesha kifungu. Alifuata sheria, wala hatumlaumu. Mzee alipokufa, Chama kilitoa fedha za sanduku, za gari la maiti, na za basi zima la waombolezaji. Zile fedha za basi peke yake zingalitosha kumleta yeye mwenyewe hapa, amelala juu ya godoro, akiziona njiani nyumba za watu anaowajua. Basi akaja Matete kama alivyoomba, ila hakujua kwamba amefika.

Wazee wana methali isemayo, maiti haulizwi sanda. Maana yake ni wazi: aliyekufa hana tena shauri, hukubali alichovishwa. Lakini aliye hai huulizwa. Na mambo mengi tunayogombana juu yake baada ya mazishi yangalikwisha kama tungaliuliza mapema. Wakubwa kati yenu mwaikumbuka kesi ya marehemu wakili S. M. Otieno. Alikufa Nairobi tarehe 20 Desemba, 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka azikwe karibu na Nairobi. Ukoo wake, Umira Kager, ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ikapita mahakama moja hata nyingine, maiti akakaa bila kuzikwa miezi mitano, hata Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo haki, akazikwa Mei, 1987. Hatusemi leo ni nani aliyestahili kushinda. Twasema tu ya kuwa taifa zima lilijifunza jinsi ilivyo shida kumtafutia mtu kwao akiwa hawezi tena kusema mwenyewe, na ushahidi wa maneno yake ukiwa vinywani mwa wengine.

Sasa tuseme juu ya matunzo yenyewe. Huenda wengine wamelisikia neno hospisi wasijue maana yake. Wengi hudhani ni nyumba ya kupeleka watu kufa. Sivyo. Hospisi ni namna ya kumtunza mgonjwa ambaye maradhi yake hayaponi, ili asipate maumivu, asiwe na hofu bila mtu wa kumweleza, na jamaa zake wasiachwe peke yao. Mara nyingi mgonjwa hulala kwake, na muuguzi huja kumtazama, au jamaa huenda hospitali kuchukua dawa na mashauri.

Mwanzo wa kazi hii katika siku zetu ni Uingereza, ambako Dakta Cicely Saunders alifungua nyumba ya St Christopher's mjini London mwaka 1967. Katika Afrika ilianza huko Zimbabwe mwaka 1979, kwa chama kiitwacho Island Hospice. Kwetu Kenya, Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990. Dakta Anne Merriman aliyefanya kazi hapo mwanzoni alikwenda Uganda, na mwaka 1993 akaanzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Mwaka 2007 hospisi za Kenya ziliunda chama kimoja cha kuziunganisha, kiitwacho kwa kifupi KEHPCA, nacho kikafanya kazi pamoja na Serikali ili matunzo haya yaingie katika hospitali za umma, yasibaki mijini tu. Mwaka 2014 Mkutano wa Afya wa Dunia ulizitaka nchi zote ziyaweke matunzo haya ndani ya huduma zao za kawaida. Basi, si jambo la anasa wala si jambo la Wazungu. Ni haki ya mama wa Matete kama ilivyo haki ya mama wa London.

Nguzo ya matunzo hayo ni dawa ya mofini. Hapa twaomba masikio yenu, kwa sababu dawa hii huogopwa kuliko maradhi yenyewe. Mofini ya wagonjwa hawa si sindano aghalabu, ni maji ya kunywa. Unga wake huchanganywa na maji hospitalini, ukatiwa katika chupa, na mgonjwa hupimiwa kiasi chake kila baada ya saa nne. Usiku aweza kupewa kiasi maradufu wakati wa kulala, ili asiamshwe usiku wa manane. Siku mbili tatu za mwanzo huweza kumletea usingizi. Halafu usingizi hupungua, naye huamka akizungumza. Humfunga choo, kwa hiyo hupewa pamoja na dawa ya kulegeza choo, na asiyepewa hiyo ya pili ataona taabu mpya juu ya ile ya kwanza. Ikitumiwa kama daktari alivyoandika, haimwui mgonjwa wala haimfanyi mlevi. Maumivu yakizidi, daktari huongeza kiasi, na kuongeza huko si dalili ya kwamba watu wamemkatia tamaa.

Wengine huuliza, je, polisi wakiikuta chupa hiyo garini? Sheria ya Kenya ya mwaka 1994 inayokataza dawa za kulevya haimkatazi mgonjwa kuwa na dawa aliyoandikiwa na daktari. Lakini chupa isiende bila barua. Na kwa wale wenye wazazi Jinja au Kampala, wajue ya kuwa mpaka wa Malaba au Busia ni mpaka wa nchi mbili, na dawa ya namna hii ina sheria kila upande. Yawapasa kumwuliza daktari wa Uganda kabla ya safari, kuchukua barua yake, na kuionyesha dawa mpakani badala ya kuificha chini ya viti.

Mpaka wa Kaunti si kama mpaka wa nchi, hata hivyo una mambo yake. Tangu mwaka 2013, kwa amri ya Katiba ya 2010, hospitali nyingi ziko chini ya serikali za Kaunti. Zile kubwa za rufani za taifa, kama Kenyatta na ile ya Moi huko Eldoret, zimebaki kwa Serikali Kuu. Maana yake ni kwamba mgonjwa atokaye Nairobi kuja Matete hatoki tu mji mmoja kwenda kijiji kingine. Hutoka mikononi mwa wakubwa wengine wa afya, huingia mikononi mwa wakubwa wengine, wenye bohari yao ya dawa na madaftari yao. Hakuna sheria imkatazayo kutibiwa popote. Lakini faili lake halimfuati kwa miguu yake lenyewe.

Sisi wa Matete tuna jambo jingine tena. Tu watu wa Kakamega, lakini tumekaa mpakani. Ukienda Kakamega kwa njia ya Malava ni mwendo mrefu. Ukienda Webuye ni karibu, nawe umekwisha kuingia Kaunti ya Bungoma. Na njia ya Eldoret yatupeleka Uasin Gishu, ambako iko Hospitali ya Moi na iko Eldoret Hospice. Na kwenye njia hiyo, huko Kipkaren, iko nyumba iitwayo Kimbilio Hospice, ambayo hulaza wagonjwa wasioweza kutunzwa nyumbani. Basi mtu asiseme, "Mama ni wa Kakamega, lazima dawa zake zitoke Kakamega." Aulize dawa iko wapi, aende huko.

Yaliyo ya kufanya kabla ya kumhamisha mzazi ni haya, kadiri tulivyokusanya kutoka kwa wanachama waliokwisha kupita njia hiyo na kwa wauguzi waliotusaidia.

Jambo la kwanza ni kumwuliza mgonjwa mwenyewe. Kabla ya kuwauliza kaka na dada, wajomba, au mchungaji wa kanisa, aulizwe yeye. Aulizwe bila haraka, na aulizwe zaidi ya mara moja, maana mzazi aweza kusema, "Fanyeni mpendavyo," kwa kuwahurumia watoto wake.

Jambo la pili ni kumwomba daktari kweli. Maswali ni mawili: Je, aweza kustahimili safari ya zaidi ya kilomita 350? Na je, tukichelewa, bado ataweza? Mara nyingi jamaa hungoja hata mgonjwa akawa hawezi tena kuketi wala kumeza, ndipo husema, "Sasa twende." Wakati ufaao ni mapema, mgonjwa angali na nguvu kidogo ya kuifurahia safari.

Jambo la tatu ni barua. Itaje maradhi, matibabu yaliyofanyika, dawa zote na vipimo vyake, saa ya kila dawa, na nambari ya simu ya daktari. Itolewe nakala tatu: moja ya hospitali ya huku, moja ya nyumbani, na moja ikae mfukoni mwa yule atakayesafiri naye. Pamoja na barua hiyo waombe dawa ya kutosha safari na majuma mawili ya mwanzo. Chupa ya siku tano si matayarisho.

Jambo la nne ni kupiga simu mbele. Mwana mmoja aje kwanza, au aliyeko nyumbani aende hospitali ya karibu, aulize: Je, mofini ya maji ipo? Muuguzi aliyefundishwa kazi hii yupo, na siku zake ni zipi? Ikiwa haipo, ipo wapi? Asingoje kuuliza mgonjwa akiwa langoni.

Jambo la tano ni bima. Tangu Oktoba 2024 ile NHIF tuliyoizoea haipo tena, na mahali pake pameshikwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo wengi wetu twaiita SHA. Bima hii ni ya nchi nzima. Haiishi mtu akivuka Kaunti. Lakini mzazi lazima awe ameandikishwa, na malipo yawe yametimizwa, na hospitali ya huku iwe miongoni mwa zile zilizoafikiana na Mamlaka. Yote haya hutazamwa kabla ya safari.

Jambo la sita ni gari. Liwe na nafasi ya kumlaza mtu, na godoro, na mito ya kuweka chini ya magoti. Safari iwe ya mchana. Dawa itolewe kwa saa yake hata kama gari liko katikati ya msitu wa Timboroa. Msiseme mtampa mkifika. Kuwe na maji ya kunywa, nguo za kubadili, na mtu aliyezoea kumsaidia haja zake bila kumwaibisha.

Jambo la saba ni nyumba. Mara nyingi sisi wa mjini humleta mama tukamwacha kwa mke wa ndugu yetu, tukarudi kazini Jumatatu, tukidhani kwamba tumetimiza wajibu. Yule mke ana watoto wake, ana shamba lake la mahindi na miwa, ana ng'ombe wa kukamua. Ni nani atakayeamka usiku? Ni nani atakayefua mashuka kila siku? Je, choo ki umbali gani? Aliye mjini na asiyeweza kuuguza kwa mikono yake, auguze kwa fedha: ampatie mwenye kuuguza sabuni, paraffini, mtu wa kumlimia, na shukrani ya maneno pia. Tena wahudumu wa afya wa vijiji, ambao tangu mwaka 2023 Serikali iliwapa mikoba ya vifaa, waarifiwe siku ile ile mgonjwa afikapo, kwa kuwa wao ndio macho ya hospitali katika mitaa yetu.

Sasa mfano wa pili. Mama mmoja wa upande wa Chevaywa alikuwa kwa mwanawe mkubwa Nairobi, katika nyumba ya ghorofa ya nne. Alikuwa na saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni, maradhi ambayo yanajulikana sana katika nchi yetu hii ya Magharibi na Bonde la Ufa. Obusuma ulikuwa haupiti tena. Alikunywa uji na maziwa. Watoto wake walikutana, nao hawakupatana. Mmoja alisema, "Tukimtoa Nairobi watu watasema tumechoka kumtibu." Mwingine akasema, "Mama amenyamaza miezi miwili akitazama ukuta." Wakamwuliza. Akajibu kwamba ana mambo ya kutengeneza nyumbani, na hayatengenezwi kwa simu.

Walimleta kwa gari jema, na barua wakaja nayo. Lakini dawa waliyopewa ilikuwa ya siku chache, na hospitali waliyoitegemea, ambayo hatuitaji, ilikuwa imeishiwa na mofini juma lile. Usiku wa sita mama alilia hata majirani wakaamka. Asubuhi mwana wa tatu, mwenye pikipiki, alichukua ile barua akavuka mpaka wa Kaunti, akaenda hospitali moja akakosa, akaenda ya pili akapata. Kwa kuwa barua ilikuwa imeandikwa vizuri, hakuambiwa amlete mgonjwa kwanza. Alipewa chupa, akafundishwa kipimo, na muuguzi akaandika siku ya kurudi. Tangu siku hiyo hakuna aliyemsikia mama yule akilia kwa maumivu.

Aliishi majuma sita. Kila asubuhi alitolewa nje, akakaa chini ya mparachichi. Akawaita watoto wake wote, akasema ni nani atakayemsomesha kitinda mimba, na ng'ombe ni wa nani, na mpaka wa shamba la miwa uko wapi, kwa kuonyesha kwa mkono, wazee wa ukoo wakiwapo. Akapatana na wifi yake ambaye hawakusemezana miaka mingi. Kisha akafa, mchana, na wajukuu uani. Matanga yake yalikuwa na kilio kama kila matanga, lakini hayakuwa na kesi. Shamba lile halijafika kwa Chifu hata leo.

Twasema hivyo, lakini hatusemi kwamba kila mzazi aletwe Matete. Wako ambao nyumbani kwao ni pale walipo wajukuu waliowalea, hata kama ni Umoja au Kawangware. Wako ambao maumivu yao yahitaji daktari kila siku, na kijijini kwao hakuna. Wako pia wanaochukuliwa kinyume: mama yuko Matete, ametulia, jirani zake humletea uji, mara mwana aliye na cheo mjini huja na gari kubwa kumchukua kwenda Nairobi, ili watu waone kwamba hakumtupa mamake. Naye mama hufia katika chumba ambacho hajui hata mlango wake uko upande gani. Kumhamisha mzazi kwa ajili ya macho ya watu ni vibaya, iwe ni kumleta au kumwondoa. Safari iwe ya faida ya mgonjwa.

Sasa twaja kwenye mashauri ambayo Halmashauri yawawekea mbele. Twajua ya kuwa wengine watapinga, nao wana sababu. Watasema: mfuko huu ni wa mazishi, tukianza kuugusa kwa ajili ya wagonjwa, kila mwenye homa atakuja, na siku ya kifo mfuko utakuwa mtupu. Neno hili ni la haki, na Mweka Hazina mwenyewe amelisema. Kwa hiyo hatuombi mlango ufunguliwe wote. Twaomba dirisha, tena lenye kipimo.

Shauri la kwanza: kifungu cha sheria kigeuzwe, ili sehemu ya msaada ule ule ambao mwanachama angepewa kwa kifo iweze kutolewa mapema kwa safari ya mgonjwa wa namna hii, na kile kilichotolewa kipunguzwe katika msaada wa mazishi. Hivyo mfuko hautalipa mara mbili. Mwenye kupata gari la mzazi aliye hai atapunguziwa basi la waombolezaji. Nasi twadhani hakuna mzazi atakayechagua basi.

Shauri la pili: msaada huo utolewe kwa barua ya daktari isemayo kwamba maradhi hayaponi na kwamba mgonjwa aweza kusafiri, na kwa ushahidi wa wanachama wawili waliomsikia mgonjwa mwenyewe akiomba safari. Fedha zilipwe kwa mwenye gari na kwa duka la dawa, zisipitie mkononi mwa mtu.

Shauri la tatu halina gharama kubwa. Ofisi ya Karani iweke daftari lenye majina ya hospitali na hospisi za Kakamega, Bungoma na Uasin Gishu zitoazo matunzo haya, na simu zao, na kila baada ya miezi mitatu mmoja wetu apige simu kuuliza kama mofini ipo. Pia Chama kinunue magodoro mawili ya wagonjwa na kitanda kimoja cha kuinuka kichwa, viazimwe kwa wenye haja na kurudishwa. Vijana wenye pikipiki wajiandikishe kuchukua dawa kwa zamu, ili mwana mmoja asibebe mzigo wa usiku wote.

Na kwa Wazee wetu tuna ombi moja ambalo haliwezi kuandikwa katika sheria. Mna nguvu ya maneno ambayo sisi vijana hatuna. Mwana akimleta mzazi wake nyumbani akatulie, msimwulize mbele ya watu, "Mbona umeacha kumtibu?" Mwulizeni, "Dawa yake ya maumivu ipo?" Nanyi wenyewe, mkiwa bado na nguvu, waambieni watoto wenu ni wapi mtakapo kuuguzwa, na ni nani mtakaye awe karibu nanyi. Mkisema ninyi kwanza, wao hawatakuwa na aibu ya kuuliza, wala hawatakuwa na haja ya kubahatisha.

Chama chetu kimejulikana kwa kuwazika watu kwa heshima, na heshima hiyo hatutaiacha. Twaomba tu ianze mapema kidogo, mwenye kuheshimiwa angali anaiona.

Bwana Mwenyekiti, hayo ndiyo tuliyotumwa kuyasema. Mashauri matatu tumeyaandika katika karatasi iliyo mbele yenu, nayo yangoja kura za Wanachama kabla ya mkutano huu kuvunjika.